Mahali pa Kuzaliwa

Kaka yangu mpendwa,

Huku tu wazima. Cherehani ya Mama nimeitia mafuta, na paa bado linavuja palepale unapopajua.

Uliuliza kwa nini Mama hakupanda meli, serikali mbili zilipomaliza kugombania visiwa vyetu na wazaliwa wakaruhusiwa kurudi. Alikwenda bandarini na furushi lake. Karani akamwambia, "Bibi, fomu inasema umezaliwa hapa mjini."

"Mjukuu wangu, siku nazaliwa ulikuwepo?" Foleni nzima ikacheka.

Njiani tukirudi nyumbani akaniambia, "Makarani wa zamani walikuwa wazembe kweli." Nikaitikia, "Ndiyo, Mama."

Kaka, fomu ile niliijaza mimi, mwaka ule tulipoomba nyumba. Watu wa visiwani walikuwa wakiwekwa mwisho wa orodha, nikaandika mji huu. Mama hakujua kusoma. Aliweka dole gumba, akanishukuru.

Meli ilipoondoka, aliishi siku kumi na moja tu.

Jana nimejaza fomu ya cheti chake cha kifo. Penye mahali pa kuzaliwa nimeandika kisiwa chetu, kwa herufi kubwa. Safari hii karani hakuuliza kitu.

Nisamehe wewe, maana yeye sikumwomba.

Dada yako