Fedha Kwenye Tope la Gesi

Jumapili, 7 Julai 2024

Nisamehe, daftari langu. Tangu Hilda azaliwe sijakuandikia hata mstari – nikikaa tu nasinzia. Leo hasira imenishikisha kalamu. Moto wa gesi umezimika kabisa. Mume wangu Agustino alijenga mtambo huu wa gesi ya kinyesi nikiwa mjamzito ili nipike bila moshi. Sasa nimerudi kwenye kuni, na mtoto anakohoa mgongoni kwangu.

Mama mkwe anasema ni baridi ya mlima, mtambo nao unasikia baridi kama mtu. Lakini Julai ya mwaka jana uliwaka. Ng'ombe ni wale wale, mtambo naulisha kinyesi kila siku. Kilichobadilika ni nini?

Jumanne, 16 Julai

Maji! Bomba linatoka kwa zamu, kwa hiyo kinyesi nakikoroga na maji niliyofulia. Nafua mashuka ya gesti ya mama Shumbana, Katesh. Tangu Mei analeta mapya – lebo inasema hayanuki wala hayashiki vijidudu.

Nimempigia Lucia. Tulisoma wote shule ya msingi, yeye akaendelea, sasa yuko maabara ya chuo Arusha. Kacheka. Kasema, mama Hilda, hao vijidudu ndio wanaotoa gesi kwenye kinyesi, ndio wanaokuchemshia chai. Mashuka ya hivyo hupakwa punje za madini, ndogo kuliko vumbi, zinawaua. Ukifua, zinatoka. Ila huenda ni sabuni tu, tusiyasingizie mashuka.

Haya. Tutaona.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimeona. Chupa mbili za soda, kinyesi kile kile, sabuni ile ile. Moja nilitia maji ya mashuka ya zamani, nyingine ya mapya, na puto kwenye kila mdomo. Mchana juani, usiku ndani ya blanketi. Leo puto la zamani limevimba kama shavu la Hilda akinuna. La mapya limelala.

Mama mkwe kalitazama weee, kasema, basi si baridi.

Nikampigia mama Shumbana. Shikamoo kwanza, halafu nikamwambia mashuka mapya sifui tena. Kasema, siku hizi unachagua nguo kama bibi harusi? Nikamtumia picha ya maputo. Jioni bodaboda kaleta ya zamani.

Jumapili, 1 Septemba

Ngano ya Basotu imekwisha kuvunwa, Agustino karudi nyumbani kutoka kibaruani huko, kashika koleo. Tumetoa tope lote, tumejaza kinyesi kipya, na mzee Qamara jirani katupa ndoo za tope la mtambo wake liwe chachu. Letu baya tumelitia shimoni nyuma ya zizi. Lucia kakataza lisiende shambani wala korongoni, punje hizo haziozi. Nimemtumia kidogo kwa basi akalipime.

Nikasikia mashuka mapya yametupwa dampo. Lucia kasema, huko mvua ndiyo itayafua. Nikamrudisha mama Shumbana kuyachukua. Kanuna, lakini kaenda. Yako kwenye gunia, stoo kwake.

Jumamosi, 14 Septemba

Bluu. Moto wa bluu! Chai imechemka Hilda hajamaliza kulia. Nikalia mimi. Nakwenda kulala.

Jumamosi, 5 Oktoba

Hilda hakohoi tena. Hilo kwanza.

Jana Lucia katuma majibu kwa sauti. Mikono ina unga, nikaweka spika. Kasema, mama Hilda, umeshinda, tope lenu limejaa fedha. Fedha ile ya hereni na ya kikombe cha kanisani – ndizo punje zenyewe. Lakini mzee Qamara alikuwa barazani anakunywa chai. Aliposikia fedha, akaiacha nusu.

Leo asubuhi yeye na majirani wamejaa nyuma ya zizi na makoleo na magunia.

Shikamoo, mzee Qamara. Mnatafuta nini?

Marahaba. Changu. Tope lilitoka kwangu.

La kwako liko mtamboni, mzee, ndilo lililokuchemshia chai ya jana. Hili ni la mashuka.

Abel fundi kasema, hata wachimba tanzanite wa Mirerani walianza kwa kuchekwa. Nikamwambia fedha hii haionekani kwa macho, haiuziki, ukiipeleka shambani inaua udongo. Kasema, kama haiuziki, mbona unailinda?

Nikasimama ukingoni na Hilda mgongoni. Anayetaka kuchota atupite sisi. Agustino kasimama upande wa pili. Hakuna aliyepita. Basi kwanza chai, nikasema.

Wanakunywa sasa. Makoleo wameyabana miguuni, hawajaondoka. Sufuria ya pili iko motoni nami naandika. Lucia anauliza kwenye simu anitumie nini, namwandikia. Turubai zito la kufunika shimo kabla ya mvua. Chupa za sampuli zenye vifuniko, chuo kinataka na maji ya dampo. Maputo, niwaonyeshe hawa. Barua yenye muhuri kwamba tope hili ni sumu. Na jina lingine la fedha.