Vichwa vya Samaki kwa Nguruwe wa Kakuma

Kakuma, Jumapili jioni

Baba mpendwa,

Mulembe. Natumaini goti limepoa na unafika shambani bila kusindikizwa. Mimi ni mzima, ingawa jua la huku halina huruma.

Uliniuliza kama wale nguruwe wa akina mama wamekufa, kisha simu ikakatika. Hawajafa, Baba.

Kikundi ni cha wakimbizi wa Sudan Kusini. Mwenyekiti wao ni Mama Nyakim, mjane anayeuza mboga hapa kambini. Nilipoletwa kuwafundisha ufugaji, nguruwe wao wachanga walikuwa wamedumaa: matumbo makubwa, migongo kama msumeno. Na walikuwa wakila pumba za mahindi mpaka wanasaza! Wanachama wengine walitaka wachinjwe wote, yaishe.

Niliwaeleza kwamba shida si uchache wa chakula. Nguruwe anayekua hujenga nyama kwa protini, na protini yenyewe huundwa na vipande vingi viitwavyo asidi amino. Kimoja, laisini, ni haba sana kwenye mahindi. Kikikosekana, vile vingine havijengi kitu, kama mtu anayetunga mkufu akaishiwa shanga za rangi moja. Nikapendekeza tuwaongezee dagaa.

Mama Nyakim akanitazama. "Mwalimu," akasema, "mgao imepunguzwa. Watoto yangu anakula mara moja kwa siku. Samaki ikifika hapa, nipatie nguruwe?"

Lakini unanijua, sikukata tamaa. Nilienda Lodwar, kwa wanawake wanaouza samaki wa ziwani. Mmoja wao, Akiru, aliposikia shida yangu alinipeleka nyuma ya kibanda chake, penye rundo la vichwa na mabaki ya kutupwa. Akaniambia hayo hata paka wamechoka nayo, nichukue.

Sasa mabaki hayo tunayachemsha, tunayaanika, tunayasaga na kuyachanganya na pumba. Migongo imejaa, Baba! Wakikaribia kuchinjwa tunawaachisha samaki ili nyama isinuke. Juzi walichinja wa kwanza. Nyama nyingi iliuzwa kwa Wakongomani wenye hoteli, iliyobaki wakagawana. Mama Nyakim aliniita nikale kwake. Aliwapakulia watoto, wakamaliza, akawaongeza, nao bado wakabakiza. Ndipo akaketi, akavuta sufuria, akala.

Kikundi kingine kimeshaniita, kwa hiyo mwaka huu sihami.

Na wale nguruwe wako wa pumba tupu, waongezee soya iliyokaangwa. Sikufundishi, wewe ndiye uliyenionyesha jinsi ya kumshika nguruwe.

Msalimie Mama, na kaka Wanyama huko kwenye bodaboda yake, na shangazi anayeimba kwaya. Mwambie huku pia wanaimba, na ngoma zao zinashinda zetu.

Binti yako mwenye afya na kazi,
Nekesa