Kibao cha Brezinka

Jumamosi, 10 Oktoba 1970

Wiki ya tatu Maskati. Leo imekuja barua: ile ofisi mpya, inayotaka kuvihesabu vijiji vya bara, itanihoji Jumamosi ijayo. Nafasi ni moja. Tutahojiwa sita, na mwanamke ni mimi peke yangu. Vizuri! Kati ya hao wengine, ni nani aliyekwisha kukihesabu kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, kisima kwa kisima, kisha akakichora? Mimi ninayo tasnifu ya kurasa 112, imejalidiwa kwa kitambaa cha buluu: *Brezinka: Jiografia, Historia na Watu Wake*. Kijiji kidogo cha Slovakia, wakazi 342. Nakijua kuliko Unguja niliyoiacha nikiwa na miaka kumi na minane.

Kaka Marhoon aliisoma barua, akafurahi, kisha akaikunja mara nne. Ana jambo. Atalisema.

Jumatatu, 12 Oktoba

Amelisema. Marhoon ni karani wa forodha Matrah, na ndiye atakayenitilia sahihi ya udhamini. Anataka niandike kuwa nimesoma Kairo.

"Kule kwa makomunisti usikutaje kabisa. Dhofar kuna vita na hao hao, kila mtu anatazamwa. Na sisi tuliotoka Unguja tunatazamwa mara mbili."

Na tasnifu? Ukurasa wa kwanza ukatwe. "Jina lifute. Sema kijiji cha Misri. Nani hapa anaisoma lugha hiyo?"

Kijiji cha Misri chenye theluji miezi minne!

Shangazi Mahbuba, akichagua mchele: "Hebu nambie, hao watu wako walikuwa wakikulisha nini? Nguruwe?"

Nikamweleza: Mama Margita, mwenye nyumba wangu, alininunulia sufuria yangu mbali, akaifunga utepe mwekundu kwenye mpini wake ili asije mtu akaigusa. Shangazi akafikiri. "Basi huyo mtu," akasema. "Ukimwandikia, mpe salamu zangu."

Marhoon hakucheka. Siku hizi hacheki.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimekaa na wembe mbele ya ukurasa wa kwanza. Sikukata. Naandika sababu, ili nisiisahau nitakapoogopa.

Brezinka imelala katika bonde jembamba, nyumba 87 kandokando ya kijito kimoja. Iliasisiwa na wachoma makaa. Wakaja wachimba chuma. Chuma kikaisha, watu wakabaki na miti ya matunda. Mwaka 1944 Wajerumani waliiteketeza nusu nzima, kwa kuwa wanaume walikuwa wamepanda mlimani kupigana nao. Nyumba thelathini na moja ni za ukoo mmoja, Kovachik, kwa hiyo kila nyumba ina lakabu yake: Kovachik wa Kinu, Kovachik wa Mbuzi, Kovachik Aliyerudi Amerika. Nilipoisikia hiyo nilijihisi niko kwetu.

Agosti 1968 nilikuwa huko nikipima visima. Vifaru vya Warusi vikaingia nchini. Wanakijiji wakaking'oa kibao chenye jina la Brezinka pale barabarani, na vibao vyote vya njia panda, ili majeshi yapotee. Mama Margita alikibeba kibao kifuani kama mtoto mchanga, akakilaza chini ya godoro langu. Saa sita mchana kifaru kikasimama penye ua wetu. Askari, kijana aliyebabuka pua kwa jua, akaniuliza mimi: hapa ni wapi? Na mimi nimeikalia ramani — ramani bora kuliko yake, kazi ya mikono yangu! Nilimjibu neno moja. Akainamia karatasi zake muda mrefu, akatukana, kifaru kikageuka.

Watu wale walilificha jina ili wasitii. Mimi naambiwa nilifiche ili nitii. Si sawa hata kidogo! Sifuti.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimemwambia Marhoon nitaandika Bratislava. Nikamsimulia habari ya kibao, nikidhani itamlainisha. Alisikiliza mpaka pale askari aliponiuliza hapa ni wapi, akasimama.

"Basi usinitaje. Sahihi sitii. Mdhamini katafute huko huko kwenu Brezinka!"

"Wangekuja, kaka. Kwa miguu."

Akaondoka, chakula hakukigusa.

Shangazi: "Umemtonesha, mwanangu. Weye uliondoka kwenda kusoma. Yeye alibaki, akayaona."

Najua. Tangu Januari ile ya mapinduzi, mlango ukigongwa tu huinuka, hata kama ni jirani kaja kuomba chumvi. Na kazi ya forodha ndiyo inayotulisha sote. Ninaona aibu kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 17 Oktoba — ofisini, kwenye benchi la ukumbini

Nimefika saa moja unusu. Fomu ina mistari kumi na minne. Nimejaza kumi na mitatu, kwa wino. *Mahali pa masomo: Bratislava, Chekoslovakia.* Mstari wa mdhamini mtupu. Karani, bwana Ishaq, akauliza kwa Kiarabu: huna mtu? Nikasema ninaye, hajafika. Uongo wangu wa kwanza wiki hii.

Tasnifu wameipeleka ndani. Kijana mmoja aliyekwisha kuhojiwa kaniambia kazi ya bara ni ya kupanda punda, bibie. Nikamwambia Brezinka nilipanda trekta. Kaenda zake.

Saa nne. Marhoon! Kavaa kanzu ya Ijumaa, mgongo wote umelowa jasho. Hakunisalimia. Kaketi kando yangu, anautazama ukuta. Kisha:

"Yule askari. Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia hapa ni Unguja."

Akanigeukia. "Akaitafuta kwenye ramani?"

"Akaitafuta."

Amecheka! Amecheka mpaka Ishaq akainua kichwa, mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kilemba. Kicheko hiki nilikisikia mara ya mwisho nyumbani kwetu Unguja, baba akiwa hai.

Ishaq ameniita: anayefuata ni Kheiria bint Ghanim, na fomu iwe imekamilika.

Kalamu yangu kaichukua Marhoon. Ndiyo maana naandika kwa penseli. Fomu iko gotini kwake. Ameusoma mstari wa Bratislava mara mbili. Ameshuka hadi ule wa mwisho. Ameandika mim, herufi ya kwanza ya jina lake. Mkono umesimama hapo. Wino unaanza kusambaa kwenye karatasi —

Ishaq anaita tena.