Matembezi Niliyodhani ni Mazishi

Ujerumani Magharibi

Kwa dada yangu Mwanasiti, Mtongwe, Likoni

Shikamoo dada. Naomba watu wote wa nyumbani wakusanyike barazani, wenye kofia wavae, redio izimwe. Mimi nduguyo Bakari, nisiyeweza kwenda kisimani bila kupumzika njiani, nimevishwa medali kwa kutembea. Sasa redio iwashwe.

U hali gani, na magoti je? Mimi mzima, tumbo linanitangulia kama kawaida, na hapa hotelini bado wanavila viazi nivipikavyo. Tangu arobaini ya marehemu mama hujaniandikia, na sababu naijua: walifika hata jamaa wa Lunga Lunga, mimi mwanawe sikuonekana. Nakuandikia kuomba radhi, lakini kwanza cheka kidogo.

Jumapili iliyopita, nikitoka zamu ya chai ya asubuhi, niliona watu kama mia wakitoka ua wa kanisa. Wazee wengi, makoti mazito, wanakwenda polepole wala hawasemi. Nikajua hao wanazika. Nawe unajua tulivyolelewa: jeneza likipita huliachi, unalisindikiza japo hatua chache. Nikavua kofia kama wafanyavyo wao, nikaingia nyuma, kichwa nimeinamisha. Jeneza lenyewe sikuliona, nikadhani limetangulia.

Kando yangu alikuwapo bibi mmoja mwenye bakora. Nikamwambia kwa Kijerumani changu cha jikoni, "Pole sana, mama. Marehemu ni nani?"

"Marehemu gani?"

"Huyu tunayekwenda kumzika."

"Hatumziki mtu, bwana. Tunatembea."

"Kwenda wapi?"

"Kurudi pale pale."

Wallahi dada, nilidhani bibi umri umemshinda. Kumbe ndiyo kawaida yao: mwisho wa wiki mtaa mmoja huwaalika wengine, wakachora njia msituni, ukafuata mishale, ukafika kwenye meza ukapewa supu na kadi yako ikagongwa muhuri. Hakuna anayeshindana. Huko kwetu mtu akitembea kilomita kumi bila haja, tungedhani ana pepo, tukamwitia mwalimu amsomee.

"Ushaingia, basi tembea," bibi akaniambia. "Ila hivyo viatu vyako ni vya arusi."

Tukaingia msituni. Sijui nikueleze vipi. Miti imenyooka kwenda juu hata shingo inauma, ukungu umelala chini yake, majani mekundu yanaanguka na unasikia kila moja likitua. Watu mia, na sauti ni ya nyayo tu. Palikuwa na mzee kipofu akiongozwa na mkewe. Kila alipougusa mti alisimama, akaupapasa, akatabasamu, na nyuma yake sote tulisimama tukangoja. Hakuna aliyemharakisha. Miaka sita niko nchi hii, sikuwahi kuwaona watu hawa wakingoja kitu. Mwili ukanisisimka kama pale umati unapoitikia amina kwa pamoja.

Juu ya kilima bibi akauliza, "Ile pole yako ilikuwa ya nani hasa?" Nikamwambia ya mama yangu, nikamsimulia yote. Akanishika mkono, tukateremka hivyo mpaka chini. Na medali, kwa kuwa najua utauliza, hupewa kila anayefika. Mimi nilifika wa mwisho, viatu nimevishika.

Nisalimie shemeji, mumeo, umwambie apunguze tumbaku. Nisalimie shangazi aliyetulea, na mwanao Rukia anayejifanya hamjui mjomba wake.

Nilitaka kufunga hapo, lakini bibi yule nilimwambia kweli, na si haki aijue yeye wewe hujaijua. Nilikuandikia kwamba bosi alininyima ruhusa ya kuja arobaini. Hakuninyima. Alinipa wiki mbili na mkono wa pole. Nilifunga sanduku, nikafika stesheni, treni ya kwenda uwanja wa ndege ikaja, mlango ukafunguka mbele yangu. Nikajiona nimefika Mtongwe, nimepiga hodi, na anayeitikia si mama. Mlango ukafungwa, treni ikaondoka, nami nimesimama pale na sanduku langu. Ndivyo ilivyokuwa, dada. Hakuna aliyenizuia.

Nduguyo akuombaye radhi,
Bakari