Sahihi yangu kwa mwandiko wa Pacha

Mwenzangu, nilikuwa nafungasha dawa za mzee wa kitanda cha sita, aruhusiwe leo. Nikamuuliza binti yake kama sasa anaweza kumchoma baba sindano ya sukari.

Akanitazama. "Sindano gani, nesi?"

Sindano gani!

Nikafungua fomu ya kuruhusiwa. Kikaoni tuligawana kazi: daktari dawa, mimi kidonda, nesi mwenzetu Pacha kumfundisha binti kuchoma sindano. Pale pa kumfundisha binti pana tiki na sahihi. Jina ni langu. Mwandiko ni wa Pacha.

Pacha huyuhuyu niliyemshikia zamu alipojifungua!

Nikamwita pembeni, nikamuuliza polepole, unanijua sipigi kelele. Akacheka. "Usinikazie macho, mtakatifu wangu. Kitanda kilikuwa kinatakiwa, na wewe hawakuulizi."

Narudia: wewe hawakuulizi. Yaani miaka yote ya kuaminiwa kwangu ameifanya mhuri wake.

Mzee angefika nyumbani na chupa ya insulini, na asiwepo hata mmoja wa kumchoma.

Nikaikata ile tiki mbele ya muuguzi mkuu, nikaeleza yote. Pacha akapita nyuma yangu akininong'oneza, "Umeniuza."

Mimi ndiye nimemuuza!

Basi mzee amebaki. Binti ameshajifunza kwa kuchoma chungwa mara nne, na kuvuta kipimo cha dawa kwenye sindano bado kunamshinda. Kesho saa mbili asubuhi tunaendelea. Zamu hiyo nimepangwa pamoja na Pacha, na sijui nitamsalimiaje.