Sare Yenye Jina Langu

Thornton Heath,
9 Februari 2025

Mdogo wangu,

Kamwene. Habari za Barking, habari za baridi, na Lorraine anaendeleaje na shule? Mimi ni mzima, ila magoti yananiuma, na sababu unaijua.

Simu zako sitazipokea kwa sasa. Ukiwa na neno andika, barua nitaisoma. Ukinipigia utaanza kulia, nami nitaanza kukubembeleza, hasira yangu iishe kabla sijaitumia.

Nina wivu. Nalisema mapema tusizungushane. Tangazo la polisi wa kujitolea nililiona mimi, kwenye ubao wa maktaba hapa kwetu London kusini. Nilikutumia picha ili unisindikize tu. Tukajaza pamoja, tukasailiwa pamoja, kisha ukaja mtihani wa kukimbia. Wewe ulikimbizana na ile mashine inayolia kupima mwendo mpaka watu wakakupigia makofi. Mimi iliniacha katikati ya ukumbi nimeshika kiuno. Miaka kumi na mmoja naosha wazee wa watu. Nilitaka safari hii nivae kitu ambacho mtu ataniheshimu kabla sijafungua mdomo. Sasa utakivaa wewe, na kwenye kitambulisho wataandika Vaileth Mgaya. Jina langu.

Wamesema naweza kurudia kukimbia baada ya majuma matatu. Nitarudia.

Dada yako

---

Barking,
15 Februari 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Lorraine anakusalimu kwa Kiingereza chake. Pole na magoti, yapake ile dawa niliyokuletea.

Umeandika "jina langu". Ni lako, sijasahau. Wewe ndiye uliyefaulu darasa la saba, mimi nikaenda sekondari kwa jina lako, nawe ukabaki na langu, Adelina. Aliamua baba, na wakati ule nyumba nyingi zilifanya hivyo. Lakini ni miaka thelathini sasa. Vyeti vyangu, uuguzi, pasipoti, cheti cha kuzaliwa cha Lorraine, vyote vinasema Vaileth.

Wametueleza mafunzo yatakavyokuwa: kila Jumamosi, sheria asubuhi, pingu na kujihami mchana. Hatulipwi. Tunapewa nauli, sare na buti. Yupo mhasibu mmoja wa Harrow, Pritesh, aliyemuuliza sajini kwa nini wasiajiri tu watu wa mshahara. Sajini alisema fungu walilopewa linatosha kutufundisha sisi na kutuvisha, basi.

Kuna fomu ya upekuzi. Inauliza kama umewahi kutumia jina jingine. Nimeandika hapana. Ukipita na wewe, nakuomba uandike hivyo hivyo.

Mdogo wako

---

Thornton Heath,
9 Machi 2025

Mdogo wangu,

Kamwene. Natumaini baridi imewapungukia. Mimi sijambo kuliko kawaida yangu, maana nimekimbia na nimepita. Kila asubuhi nilizunguka bustani kabla ya zamu, na viatu vya kazini, watu wa mbwa wakinipisha.

Fomu imefika. Swali lako la jina nimelikuta ukurasa wa tatu. Afisa wa upekuzi atasoma yako na yangu: baba mmoja, mama mmoja, Njombe hiyo hiyo. Nikiandika ndiyo, nilizaliwa Vaileth, atakuita. Nikiandika hapana, nitakuwa polisi niliyeanza kazi kwa kudanganya polisi.

Nimeishi kwa jina lako bila kinyongo, au ndivyo nilivyojidanganya. Ulipopata uuguzi nilifurahi. Uliponunua nyumba nilifurahi nusu. Kwa hili la sare sifurahi hata kidogo, na jana nilijikuta nimeshika kalamu juu ya neno "ndiyo" huku nimetabasamu. Nilijiogopa. Fomu inatakiwa tarehe 31.

Dada yako

---

Barking,
12 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Sijalala vizuri tangu barua yako ifike.

Ukiandika ndiyo, haiishii kwenye sare. Watarudi kwenye pasipoti, watarudi kwenye cheti cha uuguzi, nami nina mtoto. Nilitaka kujitoa ili yaishe, lakini sajini akaniuliza sababu, nikamwambia nilikuwa nauliza tu. Na kusema kweli sitaki kujitoa. Naipenda kazi hii kuliko nilivyotegemea.

Najua naomba mara ya pili kitu ambacho hukupaswa kuombwa hata mara ya kwanza. Naomba.

Mdogo wako

---

Thornton Heath,
27 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Kamwene. Sikukuu tumeila salama, wali na kuku, mimi na mzee wangu mmoja ambaye watoto wake hawakuja.

Nimejitoa bila kurudisha fomu. Niliwaambia magoti. Yule binti wa ofisini alisikitika kweli, akasema nilitoa majibu mazuri kwenye usaili kuliko wengi. Sikuhitaji kuambiwa hilo siku hiyo.

Usinishukuru, maana bado nina wivu, na ukinishukuru utaongezeka. Siku ya kiapo nitakuja. Niandikie saa na mahali. Nitavaa gauni la bluu na nitapiga makofi kama dada wa watu wengine.

Dada yako

---

Barking,
12 Oktoba 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Habari za tangu jana? Uliondoka kabla ya chai na simu umeizima, kwa hiyo naandika.

Jina lilipoitwa, ulisimama wewe. Nilikuona ukitoka kwenye mstari wa wageni, ukapiga hatua tatu kwenda mbele. Afisa akakuuliza kwa upole, "Wewe ndiye Vaileth Mgaya?" Ukamjibu, "Ndiyo, ndiye mimi."

Nami nikasema kwa sauti, watu wote wakisikia, "Huyu ni dada yangu, hasikii vizuri." Wakacheka, Pritesh akakurudisha kitini, nikaenda kuapa. Hakuna aliyeshuku kitu. Lakini tangu nivae ile sare naisikia sentensi yangu mwenyewe, na naona aibu.

Lorraine aliniuliza kwa nini mama mkubwa alisimama. Nikamwambia nitakuuliza. Niambie ukweli, dada: ulitaka kuniangusha?

Mdogo wako

---

Thornton Heath,
19 Oktoba 2025

Mdogo wangu,

Kamwene. Mimi ni mzima, nanyi natumaini ni wazima.

Sikutaka kukuangusha. Nilikaa pale nikakuonea wivu kwa utulivu, kama nilivyoahidi, na makofi nilikuwa nimeyaandaa.

Siku mwalimu mkuu aliposoma majina ya waliofaulu, mimi sikuwepo. Nilikuwa nimempeleka mama zahanati. Jina liliposomwa, wewe ndiye uliyesimama ukaitikia, kwa kuogopa wasije wakalifuta. Jioni baba akasema aliyeitikia ndiye aende. Sikukulaumu, ulikuwa mtoto. Lakini tangu siku ile hakuna aliyewahi kuniita kwa jina lile, mbele ya watu, kwa jambo la heri.

Mwambie Lorraine kwamba masikio ya mama mkubwa ni mazima. Niliitwa, nikasimama.

Dada yako