Mke Kajifungua Kinole, Kuku Wake Analalia Mayai Mafiga

Mpendwa mshauri, Shangazi Scholastika, shikamoo, na pole kwa kazi ya kusikiliza shida za watu wazima wasio na haya, leo naomba na mimi uniongeze kwenye foleni maana nimekwama, na ujue anayekwambia amekwama si mtu wa kukwama ovyo, mimi ni dereva wa malori, nimepeleka mzigo Lubumbashi, nimepeleka Lilongwe, Kigali naijua kama sebule yangu, Kifaransa cha kuombea njia na cha kuombea chakula ninacho, shule niliishia darasa la saba lakini barabara imenisomesha mpaka digrii, na hakuna mnyama wala binadamu aliyewahi kunitisha, isipokuwa hivi sasa nimewekwa kizuizini na kuku.

Kuku mwenyewe ni wa mke wangu Mwanaheri, alikuja naye kutoka kwao Kinole tulipooana, mwekundu, mdogo wa umbo ila ana macho ya afisa forodha. Mimba ilipokuwa kubwa Mwanaheri akapanda milimani kujifungulia kwa mama yake, ndivyo wafanyavyo kwao kwa mtoto wa kwanza, na siku anaondoka, bajaji inanguruma mlangoni, hakuniambia atanikumbuka wala nini, aliniambia, "Mume wangu, kuku akianza kulalia usimsumbue. Utamtunza?" Nikamjibu, "Mama, mimi natunza tela zima na mzigo wa watu, sembuse kuku?"

Basi Shangazi, kuku akaanza kulalia, na mahali alipopachagua ni ndani ya begi langu la safari, lile nililonunua Lusaka, lilikuwa wazi chini ya kitanda, akataga humo mpaka akaridhika, akakaa. Jirani yetu Modesta akanielekeza niyawekee mayai alama ya mkaa, ili kuku wengine wakija kutaga humo nijue yapi mapya niyatoe, nikaweka, tena kwa mwandiko mzuri. Tangu hapo sina maisha. Lori liko gereji linatengenezwa gia, kwa hiyo nipo nyumbani kutwa, na kazi yangu ni kuku. Chumbani kwangu naingia kwa kunyata, redio nimeizima, namsogezea maji mpaka mdomoni, mtama, pumba, mchicha niliokatakata mwenyewe, nikichelewa ananidonoa, nikiwahi ananidonoa. Ngurumo zikianza huko juu Uluguru natia pilipili kavu na vipande vya mkaa pembeni ya mayai radi isiyaharibu, bibi yangu alifanya hivyo. Halafu namnyanyua kwa mikono miwili, nayageuza mayai, nayapangusa kwa kitambaa cha maji vuguvugu, namrudisha. Modesta alinikuta siku moja nayapangusa, akashika mdomo.

"We Twalibu, hilo yai au sahani?"

Nikamwambia, "Zambia wanafanya hivi."

Akasema, "Ndiyo maana hatujawahi kusikia mtu kaagiza kuku wa Zambia."

Sasa shida yangu ni hii. Mwanaheri kajifungua salama, mtoto wa kike, mama mkwe kanipigia, "Hongera, baba. Mwenzio anataka supu. Njoo na yule kuku wake mwekundu, nilimpa kwa kazi hiyo." Nikaganda. Maana Shangazi, juzi nilichukua yai moja nikalimulika kwa tochi ya simu, nikaona kitu kinacheza ndani, kina mshipa, kinaruka, na mimi niliyelala porini na simba wananguruma nikajikuta nafuta machozi kwa shuka. Nitamchinjaje mama wa watu yuko kazini? Lakini mke wangu naye ni mzazi, supu ni haki yake. Nikamwambia mama mkwe barabara imekatika kwa mvua. Akasema, "Mananasi yanashuka kila asubuhi mbele ya mlango wangu. Inakatika kwa wanaopanda tu?"

Akampa simu Mwanaheri. Mwanaheri akasema taratibu, "Mtoto hana jina bado, tunamwita Mgeni, tunakusubiri wewe. Au hukutaka wa kike?" Shangazi, neno hilo limenichoma, kwa sababu nimefurahi mpaka nimewanywesha soda gereji nzima. Wamenitumia picha, nimeitazama mpaka chaji ikaisha, kadogo mno, shingo haijakaza, nasikia ukimshika vibaya kichwa kinaanguka nyuma, na mikono yangu hii ni ya spana. Ila nikienda, kuku ataangaliwa na nani? Na begi la kusafiria ndilo hilo analolalia. Je, nimchinje nimridhishe mama mkwe, au nisubiri vifaranga watoke ndipo niende?

Twalibu, Mafiga, Morogoro.

*

Twalibu, marahaba, na hongera kwa mtoto. Sasa tusemezane.

Naanza na kuku kwa sababu yeye ni rahisi. Acha kumnyanyua. Acha kuyageuza mayai, anayageuza mwenyewe kwa mdomo wakati wewe unadhani amekaa bure. Na kitambaa hicho kakaushie vyombo: yai lina utando mwembamba juu yake unaozuia uchafu kuingia, wewe unauondoa kwa mkono wako halafu unaogopa radi. Pilipili na mkaa viache kama vinakutuliza roho, ila nyunyiza jivu kidogo pembeni ya begi, maana chumba ambacho mwenye nyumba ananyata bila kufagia hakikosi utitiri. Maji na mtama viweke kando, si mdomoni. Atashuka mwenyewe, atakula, atajigaragaza mchangani, atarudi. Anakudonoa kwa sababu unamsumbua, kitu ambacho mkeo alikukataza bajaji ikiwa mlangoni. Na vifaranga wakianza kutoboa, mtu asiwabandulie maganda.

Hayo yote mwachie Modesta, ambaye anajua kuku tangu mwanzo na wewe umemgeuza mtazamaji.

Supu. Usimchinje. Kuku anayelalia hula kidogo sana, amekonda, kifua kimebaki mfupa, supu yake ni maji ya moto yenye chumvi. Mama mkwe wako analijua hilo kuliko mimi na wewe. Alimtaja kuku mwekundu kwa sababu hajui kama analalia, na hajui kwa sababu hukumwambia. Mtu mzima unamdanganya habari za barabara mtu anayeishi juu ya barabara! Mpigie, useme, "Mama, kuku analalia." Atacheka, kisha atakwambia uje na jogoo. Jogoo huyo hukumtaja popote katika barua yako, lakini mayai yenye kitu kinachocheza ndani hayakujitunga peke yake. Ana nyama, na sehemu yake ya kazi ameshaimaliza. Kama ni wa jirani, nunua mwingine sokoni, mzazi hajali ukoo wa jogoo. Na habari ya begi sitaki kuisikia tena. Kinole watu wanakwenda na kikapu.

Sasa lile ambalo hukuniuliza. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kuku umempa karatasi nzima, mwanao umempa mistari michache, na unachosema zaidi humo ni shingo. Hukukwama kwa sababu ya kuku, baba. Unamwogopa mtoto, na kuku amekupa sababu nzuri ya kubaki nyumbani ukifanya malezi unayoyaweza. Mimi sikucheki kwa hilo. Mwanamume asiyejali angeshapanda zamani, akala pilau, akapiga picha, akashuka bila hata kumgusa mtoto. Lakini Mwanaheri hajui kwamba ni woga. Amelala huko na maumivu yake, akidhani umemkataa binti, na ameshakuuliza waziwazi. Kila siku unayobaki Mafiga inamjibu ndiyo.

Kwa hiyo panda kesho asubuhi. Ukifika usikalie kiti cha uwani ukaanza kuwasimulia wakwe habari za Lubumbashi. Salimia, nawa mikono kwa sabuni, ingia ndani, kaa mkekani uegemee ukuta, umwambie mkeo, "Nimechelewa kwa sababu naogopa kumshika. Nionyeshe." Najua hakuna mpaka uliowahi kuuvuka ulio mgumu kama huo. Kiganja kimoja chini ya kichwa, kingine chini ya makalio, umlete kifuani. Atalia, ni kawaida yao, usimrudishe. Akinyamaza, mpe jina.

Shangazi Scholastika